Kilomita 40 katika barabara ya 110

Septemba 1, 2018, jimbo la New South Wales, Australia, lilianza majaribio ya kanuni kali: ukikuta gari la polisi, la zimamoto au la wagonjwa limesimama na taa zake za bluu au nyekundu zinawaka, shuka hadi kilomita 40 kwa saa. Iwe mtaani, iwe barabara kuu. Faini ilikuwa dola 448 na pointi 3 za leseni. Madereva wa malori wakalalamika, na ni rahisi kuwaona kama watu wanaoogopa kuchelewa tu.

Anayesema hivyo hajawahi kushika breki akiwa na tani 40 mgongoni. Kwa mwendo wa 100, ukomo wa malori mazito huko hata kwenye barabara ya 110, lori linakula karibu mita 28 kila sekunde. Unamaliza kilima, taa hizo hapo. Mwenye gari dogo anakanyaga breki, anaiwazia ile faini, anafika 40. Lori lililo nyuma yake ndiyo kwanza linafika kileleni. Tofauti yao ni kilomita 60 kwa saa, karibu mita 17 kila sekunde; pengo la mita 50 linakwisha kwa sekunde 3. Katika sekunde hizo mwenye lori atamgonga wa mbele, au atahama njia bila kutazama kioo, au ataingia bega la barabara. Na begani ndipo askari aliposimama.

Askari naye ana haki yake. Ameinamia dirisha la gari alilolisimamisha, malori yanapita hatua mbili nyuma ya mgongo wake, shati linavutwa na upepo wa matairi. Tena 40 ni namba, tochi inaisoma. Ukimwambia dereva apunguze tu hadi "mwendo unaofaa", hayo ni maneno ya mpira, kila mtu atayavutia kwake. Jimbo jirani la South Australia liliweka kilomita 25 tangu 2014.

Septemba 26, 2019, kanuni ikarekebishwa. Barabara za 80 kushuka chini, 40 ikabaki. Za 90 kwenda juu, dereva apunguze hadi mwendo salama kulingana na hali na aache nafasi. Ukisoma haraka utasema sheria imelegezwa. Lakini magari yanayovuta mengine yaliyoharibika, yale ya taa za njano, hayakuwamo katika kanuni ya kwanza. Yaliingizwa siku hiyohiyo.