Sehemu nane za mia, kwa kidole cha nani?

Matokeo ya mashindano yetu ya kuogelea yaliingia kwenye grupu la WhatsApp Jumapili usiku. Mita 50 mtindo huru, wanawake wa miaka 45 hadi 49. Wa tatu: sekunde 36.42. Wa nne, yaani mimi: 36.50. Mwenzangu huyo alikuwa njia ya jirani, na anafika ukutani mimi nimeshavua miwani namtazama. Lakini ndiyo hivyo, saa imesema, nani abishane na saa?

Nabishana mimi.

Hiyo saa ilikuwa mkononi mwa mtu. Pedi za kugusa ukutani, zile zinazosimamisha saa zenyewe, hatuna, na kila njia ilikuwa na mtunza muda mmoja, wengine wakipimia kwa simu. Bwawa lenyewe ni la mita 50, maana yake mbio za mita 50 zinaanzia kule na kuishia huku, na watunza muda wamekaa huku. Mwanzishaji yuko kule, anapuliza kipyenga huku akishusha mkono. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuka bwawa inakula karibu sehemu 15 za mia ya sekunde. Aliyebonyeza kwa kusikia kipyenga keshachelewa kwa kiasi hicho kumshinda aliyebonyeza kwa kuona mkono ukishuka. Halafu yupo yule anayesubiri mpaka aone watu wanaruka. Huyo anakuzawadia nusu sekunde na zaidi, kwa sababu hata waogeleaji wa Olimpiki huchukua sehemu sita au saba za kumi ya sekunde kujichomoa kwenye jukwaa, sembuse sisi wenye magoti ya umri huu. Waketishe watatu hao njia ya 3, ya 4 na ya 5, kisha panga washindi kwa sehemu za mia. Hongera sana.

Na hapo sijafika mwisho wa mbio, pale mtunza muda anapotakiwa asimame ukingoni, ainame, auone mkono ukigusa ukuta. Wa kwangu alikuwa kwenye kiti, chini ya mwavuli. Mapema siku hiyo, kwenye mita 100 za kifua, kijana mmoja alimwambia rafiki yangu bila hata kupepesa macho: "Anti, nilisahau kubonyeza. Si mmefika pamoja na yule? Nakuandikia kama yake." Akaandika kweli! Muda huo sasa uko kwenye matokeo rasmi, na sehemu zake za mia, umependeza.

Najua mtanijibu kwamba sheria za kimataifa zinaruhusu muda wa mkono usomwe hadi sehemu ya mia. Zinaruhusu, ndiyo. Lakini zinataka watunza muda watatu kwa kila njia: wawili wakilingana, huo ndio muda; wote wakitofautiana, unachukuliwa wa katikati. Sisi tumechukua sehemu ya mia, wale watu watatu tukawaacha.

Hata hao watatu si malaika. Olimpiki ya Roma 1960, mita 100 mtindo huru, saa tatu zilizompima Lance Larson zilisoma 55.0, 55.1 na 55.1. Za John Devitt zote tatu 55.2. Dhahabu akapewa Devitt, kwa sababu waamuzi wa macho waligawanyika, na mwamuzi mkuu akaamua hivyo. Na Munich 1972, wakiwa na mitambo ya umeme, walimtenganisha Gunnar Larsson na Tim McKee kwa sehemu mbili za elfu, 4:31.981 kwa 4:31.983, kisha mchezo mzima ukarudi kwenye sehemu za mia. Wenye mitambo waliona haya. Sisi wenye vidole hatuoni.

Haya, mitambo ni ghali, nakubali. Na waliotupimia ni watu wa kujitolea, wameshinda juani kwa soda moja na sambusa mbili. Siwalaumu wao. Namlaumu aliyekaa kwenye kiyoyozi akaichukua karatasi yao na kuigeuza msahafu.

Medali kugawana si dhambi. Rio 2016, mita 100 kipepeo, Michael Phelps, Chad le Clos na László Cseh waligusa wote kwa 51.14, wakapanda watatu kwenye jukwaa la fedha wakicheka. Hiyo ni Olimpiki, tena kwa mitambo. Sisi tunaofunga ofisi saa kumi na moja na kukimbilia bwawani tunaogopa nini?

Kwa hiyo, waandaaji, mashindano yajayo waambieni watunza muda wote wabonyeze kwa kuona mkono, si kwa sauti. Wekeni mwamuzi wa kuangalia nani kagusa kwanza. Na wawili wakipishana chini ya sehemu moja ya kumi kwa saa za mkono, wapeni nafasi moja. Mwenzangu wa 36.42 nimeshaongea naye, anasema medali hanipi, ila atakuja kunitunzia muda kwenye mita 100 za mgongo kama na mimi nitamtunzia wake.

Nimekubali. Tutasimama ukingoni.