Msimu wa mvua, tupunguzeni picha za maji

Nafanya kazi kwenye chumba cha habari cha televisheni hapa Dodoma, na mvua zikianza tu mhariri anataka maji. Si habari za maji, maji yenyewe: gari limezama nusu, bodaboda inasukumwa, ripota kavaa mabuti katikati ya barabara anatuambia kuna maji.

Sizikatai picha hizo. Ila mtazamaji wa Nkuhungu anaziona saa mbili usiku, na godoro lake limelowa tangu alasiri.

Dodoma ni kukame. Mwaka mzima hatufikishi milimita 600 za mvua, na karibu zote zinaangukia kati ya Desemba na Aprili. Makorongo yanakaa makavu kwa miezi, watu wanachota mchanga, watoto wanacheza mpira, wengine wanajenga ukingoni kabisa. Kisha inanyesha huko vilimani, mjini jua linawaka, na korongo linashuka limefurika. Anayengoja wingu lifike juu ya bati lake ndipo ahame, kachelewa. Jirani zetu wa Katesh, Desemba 2023, walishukiwa na tope kutoka Mlima Hanang, na waliokufa walizidi 80.

Sisi hewani tunasoma tangazo la TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kama lilivyokuja: mvua kubwa, mikoa ya Dodoma na Singida. TMA wamemaliza kazi yao. Yetu ilikuwa kulishusha hadi mtaani: korongo lipi, kivuko kipi, watoto wa shule wapite wapi asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa anayajua hayo, na simu anayo.

Badala ya kumpigia, tunahangaika na WhatsApp. Klipu zinamiminika, "Dodoma sasa hivi", ukitazama vizuri daladala inayoelea imeandikwa Mbagala–Kariakoo, ya Dar es Salaam.

Kuna mama mmoja tulimhoji mvua bado inapiga bati. Kameramani alikuwa kafunika kamera kwa mfuko wa plastiki, ile iliyopigwa marufuku Juni 2019 (msimseme). Mama akaeleza maji yalitokea upande gani, yalifika saa ngapi, na jirani yupi aliwahi kupiga kelele. Mimi nilimsikia. Maiki ilisikia bati tu. Basi jioni tukarusha uso wake bila sauti, na maelezo tukayachukua kwa kiongozi aliyekuja baadaye kutoa pole, ambaye hata hilo korongo hakulifahamu. Ningekuwa na uamuzi, mtangazaji angeyasoma maneno ya yule mama neno kwa neno.

Nimeomba dakika mbili za makorongo kila jioni ya msimu huu, kabla ya habari za viongozi. Nimejibiwa muda hautoshi. Sasa, wiki iliyopita tulirusha ufunguzi wa semina, na siku mbili baadaye tukarusha ufungaji wa semina hiyo hiyo. Nianze kwa kuchukua dakika za huo ufungaji.