Hiyo "kisha" yenu imemeza miaka mitatu

Jumapili nilikuwa nimejinyoosha mkekani, simu kifuani, naangalia video ya historia ya ndege za kivita. Ilikwenda vizuri hadi kwenye ndege-mashua, zile zinazoelea na kuruka kutoka majini. Msimulizi akasema Waingereza walinunua za Curtiss, Mmarekani, kisha wakaunda zilizo bora zaidi. Muziki ukapanda, mabomu yakaanza. Nikainuka nikakaa kitako. Kisha?

Mjomba wangu ni fundi wa mashua. Jaribu kumwambia alipasua mbao, kisha chombo kikaelea, uone kama hatakurushia tezo.

Hapo katikati ya "kisha" yao kuna mtu. John Cyril Porte, mzaliwa wa Bandon, Ireland, ofisa wa nyambizi ambaye Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilimpumzisha kwa sababu ya kifua kikuu. Mwaka 1914 yuko Hammondsport, New York, kwa Glenn Curtiss, anajiandaa kuvuka Atlantiki kwa ndege-mashua iitwayo America, wawanie pauni 10,000 za gazeti la Daily Mail. Inashushwa ziwani mwezi Juni. Wanakoleza injini, na badala ya chombo kuinuka, omo, yaani pua ya chombo, inazama! Wanapigilia mbao ubavuni, wanajaribu, wanabandua, wanapigilia nyingine. Agosti Vita Kuu ya Kwanza vinalipuka, safari inakufa, Porte anarudi kwao na kuwashawishi wakubwa wa jeshi wainunue.

Watu wakisikia ndege-mashua wanawaza mabawa. Mabawa hayakuwa tatizo! Tatizo ni tumbo. Lowesha meza, bandika sahani ya kioo, kisha uinyanyue wima: inang'ang'ania. Ndivyo maji yanavyoshika tumbo la chombo, na injini za wakati ule hazikuwa na ubavu wa kulibandua. Curtiss, nampa haki yake shingo upande, ndiye aliyekata kidato chini ya tumbo mwaka 1912. Hewa inaingia pale, maji yanaachia, chombo kinateleza juujuu mpaka kinaruka. Lakini alichokijaribia ni ziwa. Bahari ya Kaskazini si ziwa. Zile H-4, ndege-mashua za Curtiss za mtindo wa America, zilizofika Uingereza zilikuwa na tumbo jepesi na dhaifu, wimbi la kawaida tu linalitikisa.

Kuanzia 1915 Porte anaongoza kituo cha ndege-mashua za jeshi cha Felixstowe, mashariki ya Uingereza, na kazi yake ni hiyohiyo: tumbo. Anachukua mabawa ya Curtiss, mwili anautupa, anaunda wake. Chini anaupa umbo la V iliyochongoka ili upasue wimbi badala ya kulipiga kofi, vidato anavijaribu tena na tena. Ndani anaweka fremu ya kisanduku, kama ya ndege ya nchi kavu, ili hata karakana isiyowahi kuunda mashua iweze kuifuata. (Nilipomsimulia mjomba hapa alinuna.) Tumbo lake likakutana na mabawa ya H-12, ndege-mashua kubwa zaidi ya Curtiss, ikazaliwa F.2 ya Felixstowe, halafu F.2A: mabawa mita 29, injini mbili za Rolls-Royce, karibu tani tano ikiwa na mzigo. Hiyo ndiyo kisha yenu.

Sawa, H-12 nazo hazikukaa bure. Mei 1917 moja iliiangusha Zeppelin L 22, puto kubwa la kivita la Kijerumani. Nimekubali, tuendelee.

Na sisi hapa tusijifanye wageni wa habari hii. Novemba 1914 Waingereza walileta ndege-mashua ya Curtiss kisiwani Nyororo, jirani na Mafia, kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha Rufiji. Rubani, Dennis Cutler, alikuwa raia anayerusha ndege Durban, wakamvisha cheo. Rejeta ilipoharibika wakafuata ya gari la Ford Mombasa. Kwa chombo hicho cha kuungaunga Cutler aliiona Königsberg, na Desemba Wajerumani wakamkamata. Watu hucheka wakifika kwenye rejeta ya Ford. Mimi sicheki, kwa sababu kilichoonekana toka juu ya mikoko kilikuwa kimefichika kwa meli zote zilizozingira midomo ya mto.

Turudi kwa Porte. Mwaka 1917 walimfikisha mahakamani kwa kamisheni za mauzo ya ndege za Curtiss. Pesa zilipita, sitamtetea kama malaika. Mashtaka yaliondolewa, naye akarudi kwenye tumbo zake huku akikohoa. Wamarekani, waliouza zile za kwanza, wakaunda ndege-mashua yao, F-5L, kutokana na kazi yake. Oktoba 1919 kifua kikuu kikammaliza, ana miaka 35.

Jioni nilimpelekea mjomba picha ya F.2A. Hakuangalia bunduki, hakuangalia mabawa. Alivuta picha kwa vidole viwili mpaka tumbo likajaa kioo cha simu.

"Aliyeiunda alikuwa baharia?"

"Ndiyo, mjomba."

Akanirudishia simu, akaendelea kutia kalafati.