Eti ukuta si upo!

Jumamosi dalali kanipeleka kuona nyumba Mbezi Beach. Kodi ya miezi 6 mkononi, na yeye mwezi wake mmoja. Sawa. Uani kuna bwawa la kuogelea, maji ya kijani kama mlenda, hatua tatu tu kutoka mlango wa jikoni. Uzio wa kulizunguka bwawa hakuna. Namuuliza, ananijibu: "Bosi, ukuta si upo, tena na nyaya za umeme juu?"

Jamani! Mwanangu ana miaka miwili, na atakuwa ndani ya huo ukuta! Kule Australia, jimbo la New South Wales, hupangishi nyumba yenye bwawa bila cheti cha usalama: uzio usiopungua sentimita 120, geti linalojifunga lenyewe. Mimi nimeonyeshwa kamba ya kuanikia nguo, eti "tutazungushia hii". Na hela ya kuonyeshwa nyumba kachukua.