Mnyororo wa mpima ardhi haupimi mvua

Ramani ya zamani ya Australia Kusini imejaa vipande viitwavyo handredi. Kila kimoja kilikusudiwa kuwa na maili za mraba 100 hivi, yaani takriban kilomita za mraba 260, na ndani yake mashamba yenye namba na nafasi zilizoachwa kwa ajili ya barabara. Vya kwanza vilitangazwa mwaka 1846. Kama kazi ya upimaji, sina neno: taja handredi na namba ya shamba, basi, hakuna kubishania mti wa mpakani. Mpangilio huo uliufaa sana usajili wa hati za ardhi uliobuniwa na Robert Torrens, ulioanza 1858. (Kenya nayo iliupokea usajili wa aina hiyo kwa sheria ya 1920.)

Ila mnyororo uliopimia handredi hizo haukujua mvua inakoishia. Aliyejua ni Mpima Ardhi Mkuu, George Goyder. Mwaka 1865, ukame ulipoua mifugo, alikwenda kaskazini kwa farasi akisoma mimea: mikaratusi mifupi inapokwisha na vichaka vinavyostahimili chumvi kuanza, hapo akapitisha mstari. Unakaribiana na mvua ya milimita 250 kwa mwaka. Kusini lima ngano, kaskazini chunga kondoo.

Sheria ya 1872 iliuheshimu mstari huo: ununuzi wa shamba kwa mkopo uliishia kusini yake. Zikaja mvua nzuri, na 1874 zuio likaondolewa. Watu walikuwa wakisema mvua hulifuata jembe! Handredi zikasogezwa kaskazini, na mwaka 1878 mji mmoja wa mbali ukaitwa Farina, neno la Kilatini lenye maana ya unga.

Naona kosa lilikuwa kwenye ukubwa wa mashamba kuliko kwenye tamaa ya wakulima. Sheria ya mikopo ya 1869 ilimwekea mnunuzi kikomo cha ekari 640. Penye mvua zinatosha. Kwenye ukame, ngano ikikataa unahitaji kondoo, na kondoo wa huko wanataka eneo mara nyingi zaidi ya hilo. Tena vile vichaka vilivyong'olewa kupisha jembe ndivyo vilivyokuwa malisho ya kiangazi, na udongo uliobaki wazi ukapeperushwa. Deni halikungoja mvua. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1880 uliwang'oa wengi. Kuta za mawe zisizo na paa bado zipo.

Goyder husifiwa kama nabii. Wangadjuri na Waadnyamathanha, wenye nchi hiyo, hawakuulizwa: sheria ya Uingereza ya 1834 ilikwisha kuiandika kuwa ardhi tupu.