Asilimia 42 na asilimia 11

Katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 2015, Benki ya Dunia ilithubutu kuwapima wafanyakazi wake yenyewe. Iliwataka wakisie ni maskini wangapi wa Nairobi wanaoona chanjo ni hatari kwa sababu inaweza kuleta utasa. Wakakisia asilimia 42. Maskini wenyewe walipoulizwa, waliokubali walikuwa asilimia 11.

Waliokosea ni wataalamu ambao kazi yao ya kila siku ni umaskini. Na kosa hilo lina gharama. Anayedhani karibu nusu ya watu wanaiogopa chanjo atamwaga fedha kwenye mabango na kampeni za kuelimisha. Anayejua kwamba ni mmoja kati ya tisa atauliza kama zahanati iko karibu, kama dawa zipo, kama foleni haimkoseshi mama kibarua cha siku. Hizo ni bajeti mbili zisizofanana kabisa, na kinachozitenganisha ni swali ambalo mtu alijisumbua kuliuliza.

Wanaotilia shaka ushirikishwaji, yaani kuwauliza wananchi na kuwapa sauti katika miradi inayowahusu, wana hoja nzito. Madini joto (iodini) kwenye chumvi yamewakinga watoto wengi bila kijiji kuyaomba, kwa kuwa upungufu wake hauonekani kirahisi. Nchini Indonesia, mchumi Benjamin Olken alifuatilia ujenzi wa barabara katika vijiji zaidi ya 600: kuwaalika wanakijiji kusimamia matumizi kulisaidia kidogo tu, ilhali uhakika wa kukaguliwa na serikali ulipunguza upotevu wa fedha kwa pointi 8 za asilimia. Tena mikutano ya hadhara hutekwa na wenye mali na sauti.

Nakubali, mkaguzi abaki kazini. Ila mkaguzi huthibitisha kwamba saruji imenunuliwa. Hawezi kujua kama barabara ilihitajika. PlayPump, pampu ya maji iliyoendeshwa na watoto wakicheza kwenye bembea ya kuzunguka, iliahidiwa mamilioni ya dola mwaka 2006. Watoto walipochoka, wanawake ndio walioachiwa kuisukuma, wengine wakiona aibu. Wangeulizwa mapema, wangeyasema hayo bila malipo.

Kwa hiyo mikutano iitishwe kabla bajeti haijapitishwa, wanawake na wasio na ardhi wasikilizwe peke yao, na jamii iwe na haki ya kuukataa mradi. Bila haki hiyo ya mwisho, karatasi ya mahudhurio haithibitishi chochote.