Usiku Baba Alipolinda Kochi

Mji wa Lexington, Kentucky, una desturi moja ambayo wenyeji waliotupokea walisahau kututajia. Walitufundisha kuvuka barabara, kutenganisha takataka, kupiga 911, namba ya dharura, hata namna ya kuzima king'ora cha moshi Mama akikaanga samaki. Hawakusema kwamba timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ikishinda, vijana hutoa makochi nje na kuyatia moto.

Mimi nililijua hilo shuleni. Siku ya mechi ukivaa rangi isiyo bluu unaulizwa kama unaumwa. Nilikuwa darasa la tano, Kiingereza changu bado cha kuombea maji tu, lakini majina ya wachezaji nilikuwa nayo yote kichwani: Towns, Booker, Cauley-Stein, wale pacha wa Harrison, na mtu wangu mwenyewe, Tyler Ulis, mfupi kuliko wote, aliyekuwa akipenya chini ya makwapa ya majitu na kutokea upande wa pili na mpira wake. Msimu ule wa 2014/2015 Kentucky ilicheza mechi 38 ikashinda 38. Zilibaki mbili tu, nusu fainali na fainali, kombe liwe la tisa. Nilikuwa silali.

Baba hakuelewa. Yeye ni mtu wa soka, wa kutega redio katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kusikia TP Mazembe ya Kongo wamefanya nini.

"Hao watoto wa chuo wanalipwa kiasi gani?" aliniuliza.

"Hawalipwi, Baba."

"Watu zaidi ya elfu ishirini wanakata tiketi kuwaangalia, na wao hawalipwi?"

"Hawalipwi."

"Basi ipo siku watu watachoma vitu."

Wiki ileile taarifa ya habari ikarudia picha za mwaka 2012, Kentucky walipochukua ubingwa: mtaa wa State Street, usiku, kochi linawaka, vijana wanalizunguka wakiimba. Baba aliweka kikombe chini. Akageuka polepole kuangalia dirishani.

Nieleze habari za kochi letu. Tulipewa na watu wa kanisa fulani, la kahawia, zito. Lilikataa kuingia mlangoni. Lilijaribiwa kwa ubavu, kwa kichwa, kwa maombi, likakataa. Likabaki kibarazani, na Baba akalifanya ofisi. Akitoka kazini anavua viatu, anakaa pale na chai yake, anasalimia kila apitaye, hata wasioitika. Mtu aliyeishi kambini miaka yote ile akikalia kigoda cha kuazima haachi kochi lake lichomwe kwa ajili ya mpira wa watoto wa shule.

Akanituma kwa jirani, kijana wa chuo aliyekuwa na kofia ya bluu, gari la bluu na mbwa mwenye kola ya bluu. Nimuulize kama ni kweli. Jirani alifurahi kuulizwa. Akasema, tukishinda tunachoma kwa furaha, tukishindwa tunachoma kwa hasira. Nikarudi nikatafsiri neno kwa neno.

"Kwa hiyo hakuna matokeo mazuri," alisema Baba.

Nusu fainali dhidi ya Wisconsin iliangukia Jumamosi, tarehe 4 Aprili, mkesha wa Pasaka. Mama na dada zangu wakavaa sare za kwaya. Baba akasema yeye hatokwenda, ana lindo.

"Yesu anafufuka, wewe unalinda kochi?"

"Mama Neema, hata kaburini pale waliweka walinzi."

Mama alimwangalia kwa muda, akanifunika kwa blanketi, akaondoka.

Baba alifunga kochi kwa kamba kwenye nguzo ya kibaraza. Akajaza maji ndoo moja nyeupe, zile zinazokuja na matango ya siki kazini kwake, akaiweka nyuma ya kochi. Mechi ilikuwa kwenye chaneli ya kulipia ambayo hatukuwa nayo, kwa hiyo tulikaa na redio, na mimi nikawa mtangazaji wa Kiswahili. Kutangaza si kazi. Kazi ni kumtangazia mtu anayetaka timu yako ifungwe.

"Nani anaongoza?"

"Sisi."

"Ah." Anavuta kamba kuangalia kama imekaza.

Mapumziko ilikuwa 36 kwa 36. Baba akasema sare ni jambo jema, dunia ingekuwa na sare nyingi zaidi watu wangelala. Kipindi cha pili tukafika 60 kwa 56, dakika zinayoyoma, nikasimama juu ya kochi. Baba akanishusha, akapiga fundo lingine.

Halafu yakaanza. Wakati ule timu ilikuwa na sekunde 35 za kurusha mpira kikapuni, la sivyo inapokonywa. Wetu wakapasiana, wakapasiana, muda ukaisha mpira ukiwa bado mikononi.

"Imekuwaje?"

"Hawajarusha, Baba."

"Watoto wenye busara."

Wakarudia. Wakarudia tena, mara tatu mfululizo, na sijapata mpaka leo mtu wa kunieleza walikuwa wanasubiri nini. Sam Dekker wa Wisconsin akarusha mpira wa pointi tatu ukaingia, mambo yakaishia hapo: 71 kwa 64. Nililia kwa sauti. Baba alinishika kichwa akasema pole mwanangu, Mungu ni mwema, kwa uso wa mtu aliyelipwa malimbikizo ya mshahara.

Alikuwa ameshaanza kufungua kamba jirani alipotoka. Alikuwa amejipaka bluu uso mzima, na machozi yamechora mifereji miwili mpaka kidevuni. Akavuka nyasi kimya, akapanda ngazi zetu, akasimama mbele ya kochi. Akatia mkono mfukoni. Tukasikia chwa, moto wa kiberiti cha gesi ukawaka.

"Hasira!" Baba alipiga kelele, akapeleka mkono nyuma gizani, akavuta ndoo, akaimwaga yote.

Maji yalimpata jirani kifuani. Kisha kitu kikaanza kugonga mbao za kibaraza, ta-ta-ta-ta-ta, na kikaendelea kugonga. Niliwasha taa. Jirani alikuwa amesimama na sigara iliyolowa mdomoni, bluu inamtiririka shingoni, na punje moja nyekundu imekaa juu ya nyusi. Aliitoa, akaiangalia kwenye mwanga.

"Anauliza kama haya ni maharage," nilisema.

Baba aligeuka. Nyuma ya kochi, karibu na mlango, ndoo yake ya maji ilikuwepo imejaa. Iliyokuwa mkononi ni ya Mama, maharage ya Pasaka, ya wageni wa kwaya nzima, yaliyolowekwa tangu mchana.

"Mwambie ndiyo," alisema kwa unyonge. "Na umwambie karibu."

Mama aliporudi saa nane usiku, bado anaimba, alikuta mume wake na mzungu wa bluu aliyejifunga kitenge chake, wamepiga magoti kwenye kochi, wanachokonoa maharage kwa vijiko. Wimbo ulikatikia katikati ya "amefufuka." Sitaandika alichosema, kijana yule hakuhitaji mkalimani.

Mengi yalitumbukia ndani ya kochi na hayakupatikana. Aprili ya Kentucky ina mvua na jua la vipindi, na baada ya muda mche wa kwanza ukachomoza kati ya mito miwili. Baba aliukalia pembeni kwa heshima. Ilipofika mitano, na harufu, Mama akatoa hukumu. Jirani alikuja kusaidia kubeba mpaka kando ya barabara. Wakalitua, akafuta jasho, akasema jambo.

"Anasema tungelichoma tu."

Baba alilitazama kochi, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Mwambie washinde kwanza."